Mara Tatu Inje ya Mulango

Jina ya mutoto sitaiandika hapa. Ni yake, na bado hana myaka ya kunipa ruhusa. Nitasema tu namna inapita mu kinywa. Inaanza kama muntu anapuliza mbabula yenye makala ya maji-maji, midomo mbele, pumzi mingi. Halafu ulimi inapaswa kupanda juu, igande pale, isishuke mbio. Na mwisho inaisha pasipo kuisha, kama mugeni mwenye anatoka mu nyumba bila kuaga. Majina yetu sisi inaisha na kinywa wazi, hata muntu wa ng'ambo ya avenyu anasikia kama unamuita. Hii inakufungia mulango usoni.

Mujukulu yangu aliitoa mu telefone.

Alikuwa na mimba ya taabu. Munganga wa materniti alimuambia alale, asibebe hata ndoo ndogo. Myezi tatu alilala mu chumba yangu, juu bwana yake anafanya kazi kule Luano, ku kiwanja ya ndege, anapakia mizigo, anatoka mu nyumba jua haijatoka. Njo mi nilimuchunga. Sasa muntu wa kulala muchana muzima anafanya nini? Anashika telefone. Kumbe mu telefone kuko fashi, mahali yenye banawekaka majina ya batoto ya inchi zote, ya bantu ya baridi, ya bantu ya jangwa, na pembeni ya kila jina kuko kadude ka kugusa. Unagusa, mwanamuke moja anakutamukia. Hachoki ule mwanamuke. Unamugusa mara kumi, anasema mara kumi, sauti ile ile, hakasiriki. Mi mara ya kwanza nilimujibu: "Asante, mama." Mujukulu yangu alicheka mpaka nikaogopea mimba.

Siku moja kisha kula ya muchana akaniita.

"Nkambo, leta mukono hapa. Haraka!"

Nikaweka mukono ku tumbo yake. Akasema jina ya mutakatifu mumoja, kimya. Akasema jina ingine, ya binti wa mufalme wa fulani, kimya. Akasema ile, na mutoto akapiga teke. Akarudilia, teke. Tukangoja, akarudilia tena, teke.

"Unaona? Anaitika."

"Anaitika njaa," nikasema. "Kula."

Lakini mukono yangu ilisikia, na mukono haisahau. Njo vile jina iliingia mu nyumba yetu, mama yake hajanunua hata kitambaa moja ya mutoto.

Musifikiri mi nachukia majina ya kuazima. Ku avenyu yetu batoto wenye majina ya bachezaji ya mupira bako batano. Kuko na mwenye jina ya bibi-arusi wa mu filme ya televizyo, filme iliisha, bibi-arusi aliachwa, na mutoto alibakia na jina. Kuko na mwenye jina ya dawa, juu mama yake aliipenda namna inasikilika. Magaribi bamama banaita, kila mumoja vile kinywa yake inaweza, na batoto banaingia, juu bukari, ugali yetu, iko mezani. Hata majina ya batakatifu, yenye leo tunaona ni ya bankambo yetu, tuliazima. Ilifika na kona mingi kama ubao haijaparuliwa. Bamama zetu baliiparua na midomo, kila siku kidogo, mpaka ikawa laini, na sasa mupadiri mwenyewe akiisikia haijue kama ni ile alileta. Na yeye pia alikuwa anaparua yetu! Siku ya ubatizo ya kaka yangu, mupadiri alitamuka jina ya baba yetu mpaka baba mwenyewe akaangalia nyuma, aone ni nani anaitwa. Halafu ilikuja ile wakati serikali ilisema majina ya kizungu bantu batupe, kila muntu achukue ya bankambo. Kwa mi haikuleta mabadiliko. Mi nilikuwa tayari na ya nkambo, na nitawaambia namna gani niliipata, juu shida yote iko pale.

Sisi ni bantu ya kaskazini ya Katanga, baba yangu alikuja huku na kazi ya reli, akaleta mama, na mama akaleta mama yake. Mu jamaa yetu mutoto akizaliwa hatuite jina yake. Tunasema "mugeni". Mugeni amelala, mugeni amenyonya. Hata kama jina iko imechaguliwa, inangoja kitovu ianguke. Siku kitovu inaanguka, asubuhi, mama anaikala mu nyumba na mutoto mu mikono, mulango inafungwa. Mwanamuke mwenye kupita bote na myaka anasimama inje na kopo ya maji. Anamwanga maji kidogo ku kizingiti, anaita jina kwa nguvu. Kama jina imetoka muzuri, mama anajibu kwa kinywa ya mutoto: "Niko!" Mulango inafunguliwa, bantu banapiga vigelegele, inaisha. Kama jina haikutoka muzuri, mama ananyamaza. Ule wa inje anamwanga maji tena, anaita tena. Iko na mara tatu. Mara ya tatu ikianguka, jina ile banaiacha. Mutoto anachukua jina ya ule mwenye alisimama inje.

Kwa bengine sijui. Kwetu ni vile, na hakuna mwenye alituambia ilianza namna gani.

Mama yangu alinichagulia jina ya sista mumoja wa ku misheni, mwenye alimufundisha kushona. Sista wa mbali, jina yake nzuri, ndefu. Nkambo yangu akasimama inje na kopo. Akaita mara ya kwanza, jina ikavunjika. Mara ya pili ikavunjika. Mara ya tatu, mama aliniambia, alikuwa ananishika mu mikono na machozi inanianguka ku paji, na hakuweza kujibu, juu jina haikuwa pale. Njo mi nikachukua jina ya nkambo. Mama alinipenda, sisemi hakunipenda. Lakini mara mingine, wakati alifikiri mi nimelala, alikuwa anakuja ku kitanda na kuniita ile ingine, kwa sauti ya chini. Nilikuwa nafunga macho. Sikujua kama napaswa kujibu.

Na kitu ya mwisho ya hii habari. Nilikuwa na myaka kama kenda, tuko tunaikala mu kampi ya bafanyakazi ya reli. Ku nyumba ya pili kulikuwa binti mwenye jina ya ule sista, ile ile kabisa. Siku moja binti alipita na sahani ya samaki bila kusalimia, na nkambo yangu akamuita amugombeze. Akamuita jina yote, toka mwanzo mpaka mwisho, haikuvunjika hata mara moja. Mama alikuwa anafua. Alisimamisha mikono mu maji. Binti alirudi kusalimia. Mi njo nilibakia nawaangalia bote babili, mama na nkambo.

Sasa munajua.

Mutoto ya mujukulu yangu alizaliwa muzuri, binti, na nywele mingi. Na mwanamuke mwenye kupita bote na myaka mu jamaa, leo, ni mi. Ndugu yangu mudogo, mwanamuke kama mi, alikuja toka Kasapa kuona mugeni. Yeye ananifuata kwa myaka ine, na toka tuko batoto ulimi yake ni pilipili.

"Yaya," akaniambia, vile mudogo anaitaka mukubwa wake, tuko tunachagua maharage mu jikoni, "kitovu itaanguka kesho ao kesho kutwa. Ile jina, uko unaiweza?"

Nikajaribu.

"Ee mama! Hiyo ni jina ao ni kikohozi?"

"Wewe iseme, mwenye kujua."

Akasema. Yake ilikuwa mubaya kupita yangu, tukacheka mpaka maharage ikamwangika. Halafu akashusha sauti.

"Lakini Yaya, juu ya nini unajisumbua? Uanguke tu mara tatu. Mutoto atachukua jina yako. Nani atajua?"

"Mi nitajua."

"Wewe uko na bajukulu kumi na moja, hakuna hata mumoja mwenye jina yako. Bote ni telefone na televizyo. Ukienda, inaenda na wewe."

Nikamuambia achague maharage, aache maneno. Lakini sitadanganya. Ile maneno iliingia na ikaikala. Jina yangu ni jina nzito, ya zamani, ya bantu ya mutoni. Hakuna muntu anaiazima leo. Nilizaa batoto saba na kila mara kulikuwa jina ingine yenye kupita mbele: ya baba-mukwe, ya mutakatifu wa ile siku, ya rafiki ya bwana yangu. Nilikuwa nasema haina neno, itakuja kwa bajukulu. Bajukulu bakaja. Kwetu, muntu mwenye kubeba jina yako unamuita "majina yangu", na yeye anakuita vile vile, munapeana chakula mu sahani moja, hata kama mumoja hana meno na mwingine hajaota ya kwanza. Mi sijamuita muntu vile, toka nkambo yangu alikufa.

Lakini nilijifunza, hiyo pia ni kweli. Nilimuomba mujukulu yangu telefone, nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikagusa ule mwanamuke. Anasema, ninasema. Anasema, ninasema. Umeme ikakatika, telefone ikazimika, nikaendelea mi peke yangu. Nilikuwa nasema ile jina nikiponda sombe, majani ya muhogo, kila pigo ya mutwango kipande moja. Shida yangu ilikuwa ule ulimi wa kugandisha juu, juu pale mbele sina meno, pumzi inatoroka. Kisha nikagundua, nikisukuma ulimi kidogo ku upande wa kuume, fashi bado iko jino moja la nguvu, inashika. Siku ile magaribi, mu jikoni, niko nafunika moto, niliita jina mara ine, na mara zote ine ikatoka sawa ile ya mu telefone. Nilisimama pale na furaha kama mutoto wa masomo. Na pembeni ya furaha, ile ingine: sasa siko tena na sababu ya kuanguka.

Kitovu ikaanguka siku yenye kufuata, asubuhi mapema. Bwana ya mujukulu yangu aliomba ruhusa ku kazi, alikuwa amevaa shati ya kupigwa pasi. Bajirani ine, tano. Ndugu yangu na kitenge yake mupya. Mujukulu yangu akaingia na mutoto, mulango ikafungwa, nikasimama na kopo.

Nikamwanga maji. Nikaita.

Mara ya kwanza ilianguka yenyewe, nawaapia. Nilitoa sauti kubwa, na sauti kubwa ilisukuma ulimi fashi mubaya. Ikatoka kitu kama muntu amekanyaga msumari. Bajirani bakaangalia chini bafiche kicheko. Mu nyumba, kimya.

"Yaya, kunywa kwanza maji!" ndugu yangu akasema.

Nikamwanga maji mara ya pili. Na pale nikiinama kumwanga, nikaona kizingiti, maji inaingia chini ya mulango, na nikafikiri: nkambo yangu pia aliona hivi. Jina ilikuwa mu kinywa yangu, iko tayari, jino imeshika. Nilisikia yote toka mwanzo mpaka mwisho kama vile unasikia chumvi mu sombe. Na nikaishikilia. Nilitoa mwanzo, nikatoa katikati nusu, na mwisho nikaiacha wazi, kizembe, namna majina yetu inaishaka. Muntu asiniulize kama ilikuwa ulimi. Ulimi haikuanguka. Ilikuwa mi.

Nikangoja mujukulu yangu anyamaze. Nilikuwa tayari nageuza kopo kwa mara ya tatu.

"Niko!"

Sauti ya mujukulu yangu, kwa nguvu, bila kuchelewa. Mulango ikafunguliwa, vigelegele, bwana yake ananikumbatia, "Asante, Nkambo, asante!" Mi nilikuwa na kopo mukononi, maji bado imebakia ndani.

Nikaingia. Aliikala ku kitanda, mutoto ananyonya. Nikafunga mulango nyuma yangu.

"Mama," nikamuambia, "haikukuwa ile jina."

"Najua."

"Sasa juu ya nini umejibu?"

Aliangalia mutoto, hakuniangalia mi.

"Nkambo, jana magaribi ulikuwa mu jikoni. Ukuta ni moja. Uliita mara ine, kila mara sawasawa. Nilikuwa nakusikiliza, nikalia kidogo kwa furaha. Nikasema, kesho Nkambo ataita mutoto yangu muzuri kupita mi mwenyewe." Akapangusa kinywa ya mutoto. "Leo uliita mara ya pili, nikaelewa. Niliona ya tatu iko inakuja. Nikasema, nijibu, ya tatu isifike."

"Lakini ulijibu jina ya kuvunjika. Mutoto atabakia nayo."

"Ni afazali abakie na jina ya kuvunjika, kuliko mi niikale na wewe mu nyumba moja nikijua ile kitu, na wewe ukijua kama najua."

Nilifikiria mikono ya mama yangu, imesimama mu maji ya sabuni. Balikaa mu nyumba moja, yeye na mama yake, myaka mingi kisha ile siku, banapika mu sufuria moja. Hakuna aliuliza, hakuna alisema. Na kila mara balikuwa banaita jina yangu, kwa chakula, kwa kazi, ile kitu ilikuwa inaitwa pamoja na mi.

Nikamuambia: "Nipe dakika moja. Usitoke."

Nikatoka na kopo yangu. Bajirani balikuwa banaanza kuikala, ndugu yangu iko anagawa maandazi.

"Yaya, unaenda wapi tena? Imeisha!"

"Haijaisha. Funga ule mulango."

"Desturi ni kuita mpaka mama anajibu! Na alijibu!"

"Alijibu kwa huruma. Mi ninaita kwa haki. Funga mulango, na wewe, mudogo wangu, nyamaza."

Bwana ya mujukulu yangu akafunga mulango, haelewi kitu, masikini, shati yake imeanza kulowana na jasho. Nikamwanga maji yote yenye ilibakia. Sikupaza sauti sana, juu sauti kubwa njo iliniangusha mara ya kwanza. Nikapuliza mwanzo. Nikapandisha ulimi, nikaigandisha ku jino yangu. Na mwisho nikaifunga, polepole, kama muntu anafunga mulango ya chumba yenye mutoto amelala.

Halafu mu nyumba:

"Niko! Niko, Nkambo!"

Mutoto akashituka, akalia, na ndugu yangu akatupa mikono juu: "Kumbe ulimi ilikuwako! Ilienda kununua nini?" Bote bakacheka, na mi nikacheka. Njo vile mutoto wetu aliitwa mara mbili. Bajirani banasema ni juu ya uzee wangu, nilisahau kama nimeshaita. Nawaacha baseme.

Sasa kwetu, kama munajua, mwanamuke mwenye kuzaa hatumuite tena jina yake, tunamuita mama ya mutoto. Ile jina, basi, naiita siku muzima. Mama ya fulani, moto inazimika. Mama ya fulani, muntu iko ku mulango. Ndugu yangu akija toka Kasapa anajaribu na yeye, na mi namusahihisha, inamuuma sana. Ile jino ya kuume natafunia upande mwingine, niichunge.

Jina yangu haina muntu bado. Mara ingine inaniuma, zaidi nikila peke yangu. Lakini naijua sasa vile ilinifikia, na siwezi kuipitisha kwa mwingine kwa njia ile ile.

Kuko kitu kidogo nilifanya, sikuambia hata mujukulu yangu. Ilikuwa asubuhi moja kisha ile juma, nafagia lupango mbele ya nyumba, bote bametoka. Nilifika ku kizingiti, nikasimamisha ufagio. Nikaita ile jina ya sista, ile mama yangu alikuwa anakuja kuniita ku kitanda. Sikuwa nimeisema hata siku moja mu maisha yangu. Ni jina ndefu, lakini si nguvu, inapita muzuri hata bila meno.

Nikangoja kidogo. Halafu nikajibu, kwa sauti ya chini, juu ya bajirani: "Niko, mama."

Nikaendelea kufagia.